Mzizi Nilioupika Bila Kuujua

Geita, 9 Machi 1951

Dada yangu mpendwa Bernadina,

Shikamoo. Je, kifua cha Mama kinaendeleaje huko Upare? Watoto wako nao wanashiba? Sisi huku tunapumua tu, dada, zaidi ya hapo siwezi kusema.

Mwanangu Eufrasia mgonjwa. Ilianza homa. Mume wangu Thobias alitaka tumpeleke hospitali, nikamwambia aende zake mgodini, dawa ninayo, maana nyuma ya kambi nimeuona ule mti wetu wenye majani meupe kwa chini. Nikachimba mzizi, nikachemsha, nikamnywesha siku tatu. Sasa anatapika, macho yamekuwa ya njano, nikimwita haitiki.

Siku ile ya kwanza jirani yangu Mwanaima, Mluguru, alichungulia chunguni akashika mdomo. Alisema kwao milimani Uluguru mti huo ni wa kuogea, tena majani tu, mzizi hawaugusi. Akanitania kwamba sisi Wapare tukiambiwa mti ni dawa tunakula mpaka kivuli chake. Nikamjibu kila mlima una dawa zake, mimi nimefundishwa na bibi. Leo amerudi, hakutania. Ameniuliza bibi aliufanya nini ule mzizi kabla ya kuutia chunguni. Nikamwambia hiyo ni siri ya ukoo.

Dada, siri gani? Wewe unajua bibi alikuchagua wewe, mimi akaniambia nigeuke nitazame bondeni mpaka mmalize. Nilichoona ni chungu tu. Lakini huku kambini waliponiita fundi wa dawa niliitika, maana ugenini sikuwa na jina lingine. Thobias naye aliniamini kwa hilo.

Nilishika kalamu nikuombe uniandikie mlivyofanya. Sasa naona barua itakaa njiani wiki mbili, na mtoto hana wiki mbili. Nimemtuma Mwanaima akamwite Thobias mgodini. Akija nitamwambia yote haya, tumbebe mtoto hospitali, na daktari nimwambie kwa mdomo wangu nilichompa. Mzizi uliobaki nimeufunga kwenye kitambaa auone.

Mama msalimie, ila usimwambie kwanza. Unisamehe kwa kulitumia jina la bibi. Tuombeeni. Naishia hapa, namsikia Thobias uani anauliza kuna nini.

Ni mimi mdogo wako,
Scolastika