Kithai cha Siku ya Idi

Nyakabiga, Bujumbura

Sleiman, mume wangu,

Salaam alaykum. Huku essence ya magari imekosekana tena, duka la Rohero tunachelewa kufungua. Mama yako anakusalimia sana, magoti hayamuumi kama zamani.

Barua hii anakuletea Sami, jirani yetu anayekuja huko kununua nguo. Kwa simu ungenikatia.

Siku ya Idi, simu ya video ilipozunguka familia nzima kama kawaida, ulikuwa umeegemea ukuta mweupe. Ukasema uko stoo, Bangkok kuna joto. Halafu mwanamuke mumoja akakuuliza kitu kwa Kithai, ukamujibu polepole. Watoto wakaiga ile sauti. Mama akacheka mpaka machozi: "Sleiman wetu ameshakuwa Muthai!"

Mi sikucheka. Tangu uliposema utaniita huko, najifunza Kithai kwa simu kila asubuhi, nikikoroga uji. Nilitaka kukushangaza uwanja wa ndege.

Nilielewa yote: yule mwanamuke ni muuguzi, alikuuliza nani atakaa na we siku ya kupasuliwa tumbo. Ukamwambia: "Sina mutu."

Sina mutu! Na mi niko mbele yako, nimevaa ile gauni uliyonitumia!

Mama sijamwambia neno. Pasipoti iko tayari, viza pia. Apana, usinikataze, nimeshakasirika vya kutosha.

Muuguzi akiuliza tena, nyamaza. Nitamujibu mwenyewe, kwa Kithai.

Mutu wako,
Ghanima