Sababu ya Persis Kutaka Udaktari

Nyaramba,
10 Machi 1974

Kwako ndugu yangu Omwenga,

Salamu katika jina la Bwana. Huku mvua imeanza na chai inachipua vizuri.

Uliuliza kama nimemlipa yule karani wa Kisii anayewaandikia watoto maombi ya kusomea udaktari. Nilimpelekea barua ya binti yangu Persis aitazame. Akacheka. "Mama Persis, Kizungu chake ni kizuri, lakini huku kulialia hakumwingizi mtu chuo kikuu. Nilipe, niandike sababu nyingine." Nikamwambia anisomee kwanza kwa Kiswahili, nijue anataka kufuta nini.

Unakumbuka nilivyokuwa mgonjwa, Persis akambeba Jethro wetu mdogo mgongoni kumpeleka hospitali? Alirudi akaniambia mtoto alifia mikononi mwa nesi, akiombewa. Miaka sita nimemshukuru Mungu kwa maombi hayo. Kumbe alikata roho njiani, hata Ekerenyo hawajafika. Persis ameandika kwamba alijua, ila aliendelea kutembea akimwimbia, kwa sababu hakujua atanirudishia nini.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, Omwenga.

Karani sikumlipa. Barua nimeipeleka posta vile vile ilivyo. Wakimkataa, wamkatae yeye, si huyo karani.

Persis sijamwambia kwamba nimesikia. Akiimba jikoni, mimi hutoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Mungu akutunze huko Nakuru, nawe utuombee.

Dada yako,
Drusilla