Mghoi Amekatazwa Kusema "Nyamaza"

Thamesmead, London
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Wakesho,

Goti lako linasemaje siku hizi? Yule ng'ombe mweupe amezaa, au bado anatuchezea? Na ndovu, wamewaachia mahindi mwaka huu? Mimi mdogo wako ni mzima, ila nimechoka, dada. Nimechoka mpaka nikipanda basi naogopa kukaa, nisije nikasinzia nikapelekwa mwisho wa njia. Ningekupigia simu, lakini unanijua: nikisikia sauti yako tu nitaanza kujisifu. Karatasi hunifanya mpole kidogo. Basi barua hii nampa mke wa mchungaji wetu, anasafiri Alhamisi, akuletee mkononi.

Binti yako Mghoi alifanya mtihani wake Ijumaa, ule wa kuruhusiwa kazi ya ushauri nasaha. Ile mara ya kwanza alipoanguka nilikuambia wasahihishaji walimwonea wivu. Si kweli, nilitunga. Maandishi alipita vizuri sana. Alianguka kwenye chumba cha mazungumzo. Wanamketisha mtu mbele yako, anakueleza shida yake, nao wanaangalia unavyomsikiliza. Yule mama alipoanza kulia, Mghoi akamshika mkono akamwambia, "Pole, nyamaza, usilie." Kama ulivyomfunza wewe, kama alivyotufunza mama. Kumbe hapo ndipo alipopoteza. Huku mtu akilia, mshauri anamwacha alie, anakaa naye kimya mpaka amalize. Na safari hii aliambiwa akianguka tena, kozi nzima aianze upya.

Sasa atafanya mazoezi na nani, kama si mimi? Nikamwambia amepata bahati, kwa kulia hakuna anayenishinda, nimewahi kulia msibani Voi mpaka wenye maiti wakaja kunibembeleza mimi. Kila Jumamosi mchana nikitoka shifti akawa anaweka viti viwili jikoni, tunatazamana.

"Anko, leo lete kitu cha kweli. Kitu kinachouma."

"Cha kweli? Sawa. Siku nilipowafukuza ndovu kwa kifuniko cha sufuria..."

"Anko! Wiki jana ndovu alikuwa mmoja. Leo ni wangapi?"

"Wanne. Walikuwa wamesikia sifa zangu, wakaja kuhakikisha."

Alicheka, lakini nilimwona amechoka kuliko mimi. Anafanya shifti za kutunza wazee, kama ninavyofanya mimi, halafu anasoma. Jumamosi iliyofuata nikajipaka kitunguu machoni kabla hajaingia, nikalia kama mjane. Mghoi akaruka kitini, "Pole, Anko, nyamaza!" Kisha akajiziba mdomo. Kozi yote imebomolewa na kitunguu kimoja. Akaketi chini, hakucheka tena.

"Nitaanguka, Anko. Siwezi kumwangalia mtu analia nisiseme kitu."

Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani sikuwa na kitunguu wala hadithi. Akaketi, akaniuliza wiki yangu ilikuwaje, akanyamaza. Dada, ule unyamavu wake ni mzito. Nilitazama birika, nikatazama dirisha. Nikajikuta nasema habari za Mzee Albert.

Wewe humjui, kwa sababu nilikuambia mimi ni msimamizi wa wodi nzima. Sina wodi. Nilikuwa na mzee mmoja, nyumbani kwake, miaka minne. Nilimwogesha, nikamnyoa, nikamlisha uji. Yeye peke yake London hii aliziamini hadithi zangu zote. Kila asubuhi nikifungua mlango ananiuliza kama ndovu wamerudi. Namjibu, "Hawajathubutu." Anatikisa kichwa, ameridhika, ndipo anakubali kula.

Jumatatu moja nikafungua mlango kwa ufunguo wangu, nikakuta kitanda kimevuliwa mashuka. Alifariki Jumamosi na hakuna aliyekumbuka kumwambia mwogeshaji. Mazishi nilikuja kuyasikia kwa jirani, yamekwisha. Kwako nikasema nimepandishwa cheo.

Hapo nikalia, dada, bila kitunguu. Nikasubiri pole. Haikuja. Mtoto niliyempokea uwanja wa ndege nikamvika koti langu mwenyewe ananiangalia tu, macho yamemjaa machozi, mikono ameibana katikati ya magoti. Nilimkasirikia, nikasema moyoni, mtoto gani huyu! Lakini kwa kuwa hakuna aliyenizuia, nikaendelea. Nililia mpaka nikamaliza. Sikujua kama kulia kuna mwisho wake.

Baadaye akapika chai, akaniwekea sukari vijiko vitatu.

Ijumaa nilimsindikiza. Alipotoka nikamuuliza, "Alilia?" Akasema, "Alilia." "Na wewe?" "Nilikaa." Alichokililia yule mtu hakuniambia, ni siri ya kazi. Majibu ni baada ya wiki tatu.

Tukapanda basi, tukakaa ghorofa yake ya juu, mbele kabisa. Kabla hatujafika mbali binti yako akaanza kulia, mabega yanatikisika, kama mtu aliyetua mzigo. Neno likanifika mdomoni, unalijua. Nikalimeza. Nikakaa. Kituo chetu kikaja, kikapita. Akamaliza tulipofika mwisho wa njia, dereva anatuita tushuke. Tukarudi kwa miguu. Kwa hivyo akikupigia na sauti ikikatika, dada, usimwambie anyamaze. Mwache tu, hata kama simu inakula hela.

Nisalimie shemeji yangu, mwalimu wa kwaya, na shangazi Mkamburi pale kwenye kibanda chake cha mboga, na kaka mkubwa ambaye hajanisamehe kwa ile baiskeli. Waambie wodi haipo.

Na ndovu alikuwa mmoja. Kifuniko ulikishika wewe. Mimi nilikuwa nyuma yako.

Mdogo wako,
Mwadime