Kondoo Mwenye Utepe

Jumanne, 8 Machi 1763

Gaudrel, mwuza picha wa mtaani kwetu, amemletea dada yangu Perrine, mchongaji, mchoro wa kuuchonga kwenye bamba la shaba ili uchapwe. Watoto wa wakulima! Mashavu kama maandazi, miguu mieupe pee, kondoo amevishwa utepe. Uongo mtupu. Huko vijijini watu wanalipa kodi mpaka ya chumvi, halafu matajiri wa Paris wanatundika ukutani watoto walioshiba! Nimeanza kijitabu cha kuwalipua. Perrine anasema niwalipue kimyakimya, kwani namtikisia meza ya kuchongea.

Alhamisi, 10 Machi

Colombe amerudi! Binti wa Perrine. Alipelekwa vijijini Morvan kwa mama wa kumnyonyesha kwa malipo akiwa kichanga, kama watoto wote wa hapa. Sasa ana miaka mitano. Mwembamba, mikono imepasuka kwa baridi. Kaketi mlangoni, anamwita mama yake "wewe bibi", anauliza gari la kurudi kwao linaondoka lini.

Perrine aligeukia ukuta.

Jumamosi, 12 Machi

Colombe hali chakula, hasemi. Nimemsomea kijitabu changu kuhusu mateso ya wakulima. Akalala! Msomaji wangu wa kwanza kutoka shambani.

Jumatatu, 14 Machi

Asubuhi Perrine alichapa karatasi ya majaribio ya ule mchoro. Colombe akaiona — akacheka!

"Huyu kondoo anakwenda harusini?"

Perrine, polepole: kwani kondoo hushikwaje? Mtoto akapiga magoti, akaonyesha. Unambana katikati ya mapaja, hivi, la sivyo anakupiga teke. Perrine akashika kikwangulio, akaanza kufuta utepe. Bamba la Gaudrel! La kukabidhiwa leo! Nikapiga kelele kwamba atakosa kazi. Mimi, adui wa utepe!

"Kaka, nyamaza. Mwanangu anaongea."

Kutwa nzima vichwa viwili juu ya shaba. Mtoto anaamuru: nywele zivurugike, mikono iwe na nyufa. Na miguu? Colombe akapandisha wake mezani, na matope yake. Perrine akauchonga. Mtoto akala supu, mabakuli mawili, huku akikosoa.

Gaudrel amefika. Kavaa miwani, kaiinamia chapa mpya. Naandika hapa dirishani. Perrine kasimama wima. Colombe anamvuta aproni:

"Mama, huyu mzee hajawahi kuona kondoo?"

Gaudrel ameinua kichwa. Anamtazama mtoto. Anatazama karatasi. Anarudi kwa mtoto, kwenye mguu uleule wenye matope —