Behewa Ulilosubiri Ndani Yake

Mzee Njoroge,

Leo nimepita stesheni. Nyasi zimefika magotini katikati ya reli, na pale godauni yako ilipokuwa sasa wanauza mabati. Nimesimama kidogo, nikakusikia ukiuliza, "Chebet, treni imefika wapi?" Miaka hii yote unaniuliza, na mimi huongeza mwendo nikapita.

Unakumbuka uliponiajiri kushona magunia? Gunia langu la kwanza lilifumuka, mahindi yakamwagika. Hukunifokea. Uliniwekea punje moja mkononi ukasema, "Uma. Ikilia, imekauka. Ikinyamaza, irudi kwa jua." Tukipakia behewa ulinisimulia vile babako alikuja hapa kutoka Nyeri akiwa kijana, wakati mahindi yalibebwa kwa mikokoteni ya ng'ombe na kuoza matopeni. Reli ilipofika, mkulima wa Cheptiret akalima shamba lote badala ya kipande tu, kwa sababu sasa mahindi yake yangefika mbali. Vinu vikafuata, maduka, mafundi. "Reli ndiyo ilituleta pamoja sisi wote," ulipenda kusema. Nilifurahi kusikia hilo "sisi wote", wewe Mkikuyu na mimi Mkalenjin.

Halafu matokeo ya kura yakatangazwa, vijana wa kwetu wakaanza kuwafukuza Wakikuyu, na nyumba yako ikachomwa mchana kweupe. Ulinijia na koti na ile dawa ya kuvuta ya pumu. Ndugu yangu Kiprop, mmoja wa vijana hao, alikuwa akiishi kwangu, kwa hivyo sikuweza kukuingiza ndani. Nilikuficha kwa behewa tupu. Wenzako walikuwa wanakimbilia kituo cha polisi, na wewe ulitaka kwenda. Mimi nikakukataza. "Kaa hapa, Mzee. Treni ya Nakuru itakuja, utaondoka salama." Uliniamini.

Siku ya pili mchana Kiprop alirudi mikono imejaa kutu. Akanawa kwa karai, akasema bila kuniangalia, "Tumeng'oa reli huko upande wa Timboroa. Hakuna treni itapita."

Nilimpakulia chakula. Hiyo sehemu sijamwambia mtu yeyote. Nilimpakulia ugali na mboga, akala, nami nikakaa mkabala naye. Niliogopa nikitoka atanifuata. Niliogopa majirani. Siku yote iliyobaki nilikaa ndani, nikijua unasubiri kitu ambacho hakiji.

Asubuhi ya tatu nilikuja. Moshi ulikuwa umetanda stesheni yote. Ulikuwa umeketi kando ya mlango wa behewa, koti limefungwa vifungo vyote, kama mtu aliyejiandaa kwa safari. Dawa ilikuwa imeisha. Nilikugusa mkono. Nikakuita, Mzee... nikakuita tena.

Siku hizi mahindi yanaenda kwa malori. Vile vinu viwili vya kando ya reli vimefungwa, na mkulima humngoja dalali mwenye lori mpaka nafaka inaanza kuliwa na fukusi. Treni ilirudi kwa muda, ikapungua, na wale wauzaji chai wa stesheni wakahamia barabarani. Mimi nina stoo yangu ndogo karibu na soko. Kiprop anapakia malori. Hatukuwahi kuongea juu ya ile siku mpaka jana, lakini mara moja moja honi ya treni ikilia yeye huacha kazi na kutoka nje.

Binti yako Wanjiru nilimdanganya. Nilimwambia ulifariki usingizini, bila taabu. Alinishika mikono akanishukuru, na kila Krismasi bado hunipigia kunisalimia. Simu yake ikilia, huiacha mpaka karibu ikatike ndipo naipokea.

Pumzika sasa, Mzee wangu. Jumatatu naenda Nyahururu kwake. Nitamwambia yote, pamoja na ile sahani ya ugali, na lolote atakalonijibu nitalipokea. Hiyo ni ahadi.

Jana nilimwambia Kiprop ninakoenda na sababu. Alitua chini gunia alilokuwa amebeba. Halafu akasema, "Usiende peke yako. Mikono ilikuwa yangu."

Tutaenda wote wawili.

Chebet