Jicho Lililotoka Kwenye Chokaa

Mdogo wangu Macho,

Kabla hata sijakusalimu: lolote ulilosikia kuhusu ule ukuta wa zahanati, lifute. Wote wanasimulia vibaya. Muuza vocha anasema radi ilipiga ukuta ukapasuka. Dereva wa gari la wagonjwa anasema kuna mjamzito aliota ndoto akaja kuuonyesha kwa kidole. Na huyu kinyozi wangu, ambaye zahanati haingii hata akijikata, anasimulia kama vile yeye ndiye aliyeshika ndoo. Anayejua ni mimi peke yangu. Tulia.

Haya sasa, hujambo? Magoti vipi? Na hayo macho tuliyokupa jina kwa ajili yake, bado yanakodoa? Sisi hatujambo. Mgongo unalalamika, lakini sikuusikiliza ujanani, sitaanza leo. Anayeandika hapa ni wifi yako, maana kalamu yangu mimi ni brashi ya inchi nne na haiingii kwenye bahasha. Anataka niseme pia kwamba nakoroma. Haya, nimesema.

Najua barua zako huwa zinakuja kwa wifi yako, na mimi napata makombo kule chini, eti na huyo naye msalimie. Miaka ishirini na sita mimi ni huyo naye. Sikulaumu. Lakini hii isome mpaka mwisho, hata kama utaisoma umenuna.

Basi ni hivi. Tangi la maji la juu ya paa lilitoboka, maji yakateremka taratibu kwenye ukuta wa chumba cha kusubiria, mwezi mzima. Chokaa ikavimba kama mkate. Jumanne asubuhi mama msafishaji kapitisha kitambaa, bamba zima likamdondokea miguuni, na pale lilipotoka pakabaki jicho. Jicho la mama yetu, Macho, linamtazama. Yule mama akatupa ndoo, akakimbilia kwa mtoa dawa, akamwambia kuna mtu ndani ya ukuta na inaonekana yuko kwenye foleni tangu zamani. Mtoa dawa akamuuliza kama huyo mtu ana namba.

Kufika mchana wauguzi wote walikuwa wanabandua kwa kucha. Wakatoka wale kina mama sita uliowachora kwenye benchi lao, mama yetu wa tatu na mtoto mapajani, wazima kabisa, hata ule mkunjo wa kitambaa begani kwake uliokuhangaisha siku mbili. Kilichopotea ni mkono wake wa kulia tu. Pale maji yalipita sana, mkono ukaondoka na plasta.

Watu wanajiuliza picha imeponaje. Hapo ndipo kila mtu anapoboronga. Wewe ulijua nilikubali ile kazi, na kweli niliikubali. Mganga mkuu mpya wa wakati ule alisema wagonjwa wanataka kuta nyeupe, hawataki kutazamwa. Mimi ndiye mpaka rangi wa zahanati na watoto walikuwa wanne, nikabeba ngazi, na wewe sikukuambia. Hilo ni kosa langu, wifi yako ameliandika kwa herufi kubwa bila kuambiwa. Lakini kuna usichokijua. Picha yako ilikuwa ya rangi ya mafuta. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta mpaka kwanza uichubue kwa msasa, na fundi yeyote anajua hivyo. Nikakunja msasa wangu, nikauweka kwenye shavu la mama. Mkono ukagoma. Mkono huu huu ambao umepiga msasa milango ya nusu ya mji! Nikaurudisha msasa mfukoni, nikapaka chokaa nyepesi juu juu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Ndipo ulipoingia ukanikuta. Ulichukua kopo lako la brashi dirishani ukaondoka, na mimi, mdomo wote huu, nikaendelea kupaka. Kila mwaka ilipobanduka niliongeza nyingine nyepesi. Mafundi wenzangu walinicheka kwamba ukuta mmoja unanishinda.

Sasa ungeiona zahanati ilivyo. Wanakuja wenye afya! Walimu wa kuchora wanakuja na madaftari, vijana wanaochora vibonzo vya magazeti wanakaa sakafuni, mgonjwa akiitwa namba yake lazima awaruke. Wananyamaza mbele ya ukuta wako kama wanasubiri uwaambie kitu. Mimi nimepaka nyumba zisizohesabika na hakuna aliyewahi kukaa chini kutazama ukuta wangu. Nami sikulaumu mtu. Ukuta wangu naumaliza asubuhi moja. Wewe nilikuona unaweka kiti, unatazama chokaa tupu mpaka chai inapoa, halafu unaweka doa moja, unarudi kukaa. Nilidhani ni uvivu. Nakumbuka ngozi ya mama uliichanganyia rangi tano, na mojawapo ilikuwa kijani. Nikakucheka mpaka nikakaribia kuanguka kwenye ngazi, nikakuuliza tangu lini mama alikuwa mchicha. Ukiitazama leo ile kijani huioni. Unamwona mama ameamka na usingizi.

Miongoni mwao kuna binti mmoja, kazi yake, kama yako, ni kuchora picha za vitabu vya watoto. Alikaa siku tatu ananakili macho tu. Siku ya tatu akaja kuniuliza kwa heshima zote, babu, kwa nini kope za chini hukuzipigia mstari.

Shika kiti, mdogo wangu. Umesikia vizuri. Aliniuliza mimi.

Siku ile ukuta ulipofunguka, msimamizi wa zahanati aliuliza nani alichora. Wauguzi wa zamani wameshaondoka wote, na wewe hukuweka jina. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo, watu wote wananitazama kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na likanitoka kama chafya. Nikasema mimi. Wakapiga makofi. Na unanijua ukinipigia makofi nakuwaje. Nikaeleza nilivyosota, nilivyokosa usingizi, nikakuibia mpaka zile siku mbili za mkunjo wa kitambaa.

Basi yule binti akanisubiri na penseli yake. Nikamwambia rangi iliisha. Akaandika! Akaandika kwenye daftari: rangi iliisha. Akashukuru, akasema kuna vitabu alivyosomea utotoni, watu wake wote wana macho ya namna hiyo, amekuwa akimtafuta huyo mchoraji miaka yote. Nikaenda nyuma ya stoo nikakaa juu ya kopo. Maana mimi nilikumbuka ulivyoniambia siku ile, kwamba ukipiga mstari chini ya jicho mtu anakuwa anakukodolea, na mama hakuwahi kumkodolea mtu, mama alikuwa anakusikiliza kwa macho.

Kamati ya zahanati inataka nirudishe mkono wa mama uliopotea, halafu Ijumaa fundi wa kibao aje apigilie jina langu. Nimejaribu huo mkono kwenye boksi, hapa jikoni. Umetoka chane ya ndizi. Wifi yako alicheka mpaka akalia, halafu akalia kweli.

Lakini usijali, yamekwisha. Jana nilikwenda mbele ya kamati, nikavua kofia, nikasimama wima na mgongo huu huu, nikawaambia mchoraji ni mdogo wangu na mimi nilikuwa mpaka chokaa. Mwenyekiti akatoa leso. Msimamizi akanishika mkono, akasema hajawahi kuona mzee jasiri namna hii. Kwa hiyo njoo, Macho. Plasta nitakulainishia mwenyewe. Ngazi nitaishika mimi, kuchanganya rangi sitagusa, mdomo nitajaribu.

Wasalimie shemeji na watoto, na wajukuu wote wanaokuharibia penseli. Huku wote wanakusalimu, hata kinyozi, ingawa usimwamini.

Ni mimi kaka yako,
Mzee Brashi

Wifi yako amekataa kufunga bahasha. Aliweka kalamu chini, akaishika tena nilipokubali kukiri; anasema jana nilishinda nyumbani na miguu kwenye beseni la maji ya moto, na kamati hajaiona wala leso hajaiona. Haya. Hapo kwenye kamati nimeongeza chumvi. Kwa kweli sijaenda. Mengine yote ni kweli, hata ya kijani, hata ya msasa.

Sasa kaitoa kofia yangu, ameiweka juu ya meza. Tumekubaliana hivi: barua inakwenda nami mfukoni mpaka zahanati, nikitoka kwa kamati ndipo naipeleka posta. Nikishindwa, naichana. Kwa hiyo kama unaisoma, ujue nimeshawaambia.