Jiwe la Baba Yako Lisichongwe Bado

Akheri, kwa Mzee Sumari,
Arusha.
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Godwin,

Pokea salamu zangu na za watu wote wa huku mlimani. Mnaendeleaje huko Minnesota, wewe, wifi yangu na watoto? Mgongo umepona, au bado unabeba mizigo kama kijana wa miaka ishirini? Nasikia kwenu sasa ni joto na mnatembea na kaptula. Huku Agosti ni ile ile unayoijua, ukungu unashuka mpaka mlangoni, na mimi nakaa kwenye cherehani yangu nimevaa soksi mbili mbili. Kahawa imeanza kuiva ila ni chache. Magoti yananisumbua, mengine namshukuru Mungu.

Mama yako yuko kwangu. Tangu madaktari walipomrudisha nyumbani niliona siwezi kumwacha alale peke yake kule kwake, nikamhamishia chumba cha mbele. Anakunywa uji kidogo kidogo. Maumivu yakimjia tunampa dawa na analala. Sitakuficha, mdogo wangu, anapungua, na nguo zake zote nimeshazipunguza mara mbili. Lakini akili ni nzima kabisa. Jana tu amenigombeza kwamba mchuzi nimeutia chumvi ya kulishia ng'ombe.

Najua unashangaa, dada Hanna amepatwa na nini, simu anayo, WhatsApp anayo, anaandika barua kama watu wa zamani. Nimejaribu kupiga, Godwin. Nimeshika simu nikaiweka. Mambo haya si ya kusema huku mtandao unakatika na mtu analia upande wa pili huwezi hata kumshika mkono. Nimeona bora nimpe Silantoi, yule binti wa kwaya yetu anayeruka Jumanne kuja huko kusoma, akukabidhi mkononi. Tafuta mahali ukae.

Kwanza, mpigie fundi wako wa mawe mjini umwambie asimame. Yale maneno uliyomwagiza, kwamba baba yako Anaeli alifia vitani akiitetea nchi yake, yasichongwe. Si kweli. Kupigana alipigana, na vizuri. Kufia huko hakufia.

Wewe ndiye uliyenituma, usisahau. Uliniambia nitafute watu waliokuwa naye kwenye vita vya Kagera, wakueleze alikuwa kikosi gani na alianguka wapi, ili jiwe liseme ukweli. Mimi nikadhani ni kazi ya wiki moja. Tulichokuwa nacho wote ni kile tulichokulia nacho: kwamba alichukuliwa mwisho wa mwaka 1978, wewe ukiwa hujaanza hata kutambaa vizuri, na kwamba mwaka uliofuata askari mmoja wa kijiji cha Poli aliyekuja likizo alisema lori la Anaeli lilikanyaga bomu njia ya Masaka, huko Uganda, na hakutoka mtu.

Hapo ndipo babu yetu Mikaeli alipofanya jambo ambalo mimi nililiona na wewe hukuambiwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Alfajiri, kabla watu wa kanisa hawajafika kwa ibada ya kumwombolezea, babu na wazee wawili walikata mgomba, wakauvika shati la baba yako, wakauzika kule kihambani, kwenye shamba la nyumbani, unapopajua wewe kama kaburi. Ndivyo walivyofanya watu wa zamani mtu akifia mbali na mwili usionekane, ili asitangetange. Mchana mchungaji akaja, akaombea msalaba, hakujua chini yake kuna nini. Babu alikuwa mzee wa kanisa. Angejulikana, angetengwa na kanisa.

Basi, mzee mmoja aliyepigana vita ile, hapa hapa Akheri, aliniambia kama nataka habari za Anaeli nimwone Koikai wa Oldonyo Sambu, maana hao wawili walikuwa hawaachani. Nikapanda gari mpaka mjini, nikapanda jingine la barabara ya Namanga, tukauzunguka mlima mpaka upande ule wa nyuma kwenye vumbi na mbuzi. Koikai ni Mwarusha, mrefu, jicho moja halioni. Nikamwamkia, nikasema mimi ni mtoto wa Sumari, kaka yake Anaeli. Akamwita mkewe Namnyaki alete chai, akasema, "Mmechelewa sana."

Godwin, baba yako hakufa kwenye lile lori. Yeye na Koikai walirushwa nje. Baba yako mguu uliharibika, wakalazwa Bukoba miezi mingi. Alituma salamu nyumbani kwa mdomo wa askari aliyekuwa anarudi, hazikufika. Mwanzoni mwa mwaka themanini wakarudi Arusha wote wawili. Koikai akaenda kwao na baba yako akaja Akheri kwa miguu, akichechemea. Siku ya tatu alitokea kwenye boma la Koikai na blanketi begani. Akamwambia kwetu nimeshazikwa, naomba mahali pa kulala.

Akakaa huko miaka kumi na moja. Alichunga mbuzi, alikata mikanda ya ngozi, alijifunza Kimaasai mpaka watoto wa boma wakadhani ni wa kwao. Masika ya mwaka tisini na moja kifua kilimbana, akafa. Wamemzika nyuma ya zizi. Nimelishika rundo la mawe la kaburi lake kwa mikono yangu. Sikulia pale, nililia kwenye gari mbele za watu, kondakta akanirudishia nauli.

Nilirudi nyumbani na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nikamkabili baba yangu. Unamjua baba yako mkubwa Sumari, maneno huyatoa kama anayalipia. Kwanza alisema Koikai ni mzee, amechanganyikiwa. Kesho yake akakataa kula. Keshokutwa yake aliniita akaniambia, "Nilitumwa, Hanna. Baba alinituma."

Alinieleza yote akiangalia ukuta. Baba yako alipofika kwenye mfereji ule wa chini, mpakani mwa nyumbani kwetu, mtu mmoja alikimbia kumwambia babu. Kumrudisha mtu aliyekwisha kuzikwa kuna kazi yake: mgomba ufukuliwe, kondoo achinjwe, wazee wamwingize kwa nyuma ya nyumba kama mtoto mchanga. Haifanyiki kimya kimya, kijiji kizima kingejua, na mchungaji angeuliza huo mgomba ulizikwa na nani. Babu hakutaka kutengwa. Na kumwingiza hivi hivi bila ile kazi aliogopa vilevile, kwa sababu waliamini kwamba mtu wa namna hiyo akivuka kuingia nyumbani, mwingine anatoka badala yake. Mtu alishika Biblia kwa mkono mmoja na mgomba kwa mwingine, na mtoto wake akaanguka katikati. Nisamehe kwa kumsema babu hivi, lakini ndivyo ninavyoona na sitabadilisha.

Alimtuma baba yangu apeleke chakula, blanketi na maneno haya: "Baba anasema umeshazikwa. Ukivuka, mtoto ndiye atakayekwenda."

Mtoto ni wewe, Godwin. Hakukuwa na mwingine.

Baba yangu anasema mdogo wake hakubishana. Alikaa chini upande ule wa mfereji, akauliza tu kama anaweza kukuona. Baba akapanda nyumbani, akamdanganya mama yako kwamba anakupeleka kuangalia ndama, akashuka nawe mgongoni mpaka ukingoni. Mfereji wenyewe unaujua, mtu mzima anauruka. Baba yako alikutazama kutoka ng'ambo. Baba yangu akamwambia hata mkono tu, mguse. Akakataa, akaogopa hata maji yasikurukie. Kisha akainuka akaenda zake.

Koikai aliniambia jambo jingine ambalo sina budi kukuandikia, ingawa kalamu haitaki. Alikuwa akija mnada wa Tengeru kuuza mbuzi, na mara nyingi alikuwa hana mbuzi wa kuuza. Alitumwa na baba yako. Alipita njia ya kwetu, akaomba maji, akakuangalia. Mimi mwenyewe nimempa maji yule mtu sijui mara ngapi, na nilikuwa nikimwona mwombaji. "Nikirudi swali lake lilikuwa moja, mtoto umemwona?" Koikai alisema. "Nikimwambia nimemwona anakimbia, yeye anakula. Nikimwambia sikumwona, hali chakula." Unamkumbuka yule mbuzi mweupe uliyeletewa ulipoanza darasa la kwanza, tukaambiwa ni zawadi ya askari mwenzake baba? Baba yako ndiye aliyemkuza.

Sasa nije kwa mama yako, maana ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Nilitaka kumficha. Nikasema huyu mtu ana siku chache, kwa nini nimvunje. Lakini mama yako, mama mdogo wangu Rachel, ananijua tangu nikiwa na kamasi, alinisoma usoni nikimpa uji. Alhamisi nikamwambia yote, nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda. Hakulia. Akauliza, alipobanwa kifua nani alimpa maji. Nikamjibu Namnyaki, mke wa Koikai. Akasema, "Mungu amlipe." Akageukia ukutani.

Anauguza maumivu na hasira vyote pamoja, Godwin. Huyo mwanamke amepalilia kaburi la mgomba miaka arobaini na sita. Kila Pasaka anapeleka maua. Alikataa wachumba wawili ninaowajua mimi. Na mumewe alikuwa nyuma ya mlima huu huu.

Ijumaa ukoo ulikaa kwangu. Mchungaji mpya alikuja pia, kijana mzuri, tukamweleza bila kuficha. Akasema mambo ya mgomba ni ya kale, hayana nguvu mbele ya Kristo, tufukue mabaki kule Oldonyo Sambu kwa kibali, tuyalete Akheri kwa sala, azikwe kwa heshima zake zote na jiwe lako liwekwe juu. Wote wakakubali. Hata baba yangu alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka. Mimi nilikubali kwa nguvu kuliko wote. Nilishaanza hata kupanga nani atapika.

Mama yako akagonga ukuta kwa fimbo, maana chumba cha mbele kinasikia kila kitu. Tukaingia. Akatuangalia mmoja mmoja, akasema: "Miaka yote ile alijizuia kwa ajili ya mtoto. Mimi ni nani nimvushe leo? Msimlete. Nikifa, nipelekeni mimi."

Mchungaji akamweleza tena, taratibu, kwamba hakuna baya litakalokupata. Akamjibu kwamba anajua, yeye ni Mkristo tangu kabla mchungaji hajazaliwa, lakini hatalijaribu jambo hilo juu ya mwanawe wa pekee. Nikamwambia mama mdogo, kule ni kwa watu, utazikwa nyuma ya zizi la Waarusha, mbali na sisi. Akaniambia mumewe alipazoea, na yeye atapazoea.

Ukoo hautaki. Wanasema mke wa nyumba hii hazikwi ugenini, ni aibu, watu watasema tumemfukuza kama tulivyomfukuza mumewe. Baba yangu ndiye anayekataa zaidi ya wote, nadhani hawezi kuvumilia kuona jeneza likipita ule mfereji kwenda nje. Mwishowe wamesema neno la mwisho ni lako, mtoto wa pekee. Koikai nimempigia, akasema nafasi ipo kando ya kaburi, aliiacha wazi tangu mwaka ule.

Kwa hiyo nakuuliza mama yako azikwe wapi, na ukishasoma hapa piga simu saa hiyo hiyo, usitafute maneno mazuri. Mama yako hanywi dawa zote sasa, anasema zinamlaza na yeye anataka awe macho simu yako ikiingia. Anaogopa utakubaliana na wazee. Zaidi anaogopa utamchukia baba yako kwa kukaa karibu hivyo na asije. Hilo nalo mjibu.

Nisalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao anawashonea vitenge na havijaisha kwa sababu ya uvivu wake. Mwanangu Arnold anakusalimu. Koikai na Namnyaki wanakusalimu, wanataka kukuona sura. Baba yangu sitasema anakusalimu, ningekudanganya. Ameandika jina lako kwenye karatasi akalichana, na tangu juzi anakaa kule chini kwenye mfereji mpaka tumfuate.

Mungu akulinde, mdogo wangu, akupe nguvu ya kusoma na ya kujibu. Baba yako alikulinda kwa namna aliyoijua, na mama yako anataka kumalizia.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ninayeisikiliza simu,
Hanna Sumari